Nta Niliyoichanganya na Mawese

Gatete, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu Dative,

Salamu nimeziacha, maana nakusikia kutoka hapa nilipokaa. Uko uani na mama yako mnabishana kuhusu blanketi. Yeye anataka ubebe mawili, wewe unamwambia Gitega si Ulaya. Mimi nimekuja kwenye kibanda changu cha mishumaa, nimegeuza ndoo nikaikalia, nimeweka ubao magotini na ninaandika. Ukipita utadhani naandika majina ya watu wanaotaka mishumaa.

Nakuandikia Kiswahili. Nyumbani tunakichanganya na Kirundi kama watu wote wa Rumonge, lakini shule yangu, hiyo kidogo niliyoipata, niliipata kambini Tanzania, na kalamu yangu ilizoea huko. Tena kuna neno nililisema kwa Kirundi siku moja mbele ya watu, na kila nilipotaka kulirekebisha kwa mdomo, mdomo ulikataa. Labda mkono utakubali.

Mama yako ameshakuambia yote ya kula, kulala, kufunga mlango na kutoazimisha nguo zako. Hapo sina la kuongeza. Nitakuambia kuhusu mishumaa. Najua utakunja uso. Tangu ulipokuwa na miaka kumi na mmoja hujagusa nta, hata kipande kikianguka chini unakiruka. Ulikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza, na mzuri kuliko mimi nilivyokuwa, na nilikuacha njiani bila kukuambia kwa nini. Siwezi kukuacha uondoke hivyo.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Bernardo, katekista wetu kule kambini, yule uliyemwita Babu ingawa hatukuwa na undugu naye. Wafuga nyuki wa vijiji vya jirani walikuwa wakikamua asali na kutupa masega, naye akayaokota kwenye gunia, akayachemsha, akachuja, akapata nta ya kutosha mishumaa miwili mitatu kwa ajili ya kanisa letu la turubai. Mimi nilikuwa kijana mwenye haraka na mdomo mrefu. Nilimfuata kwa sababu kwake kulikuwa na moto, na siku nyingine asali. Mshumaa wangu wa kwanza ulichimba shimo katikati, moto ukazama humo ndani, na kuta zikabaki zimesimama bila kuyeyuka. Nikasema nta ya Watanzania ni mbovu. Mzee Bernardo akaupasua kwa kisu, akautoa utambi, akauweka kiganjani mwangu. Ulikuwa uzi mmoja tu, niliouchomoa kwenye shati. Akaniambia nisuke nyuzi tatu za pamba, nizichovye kwanza ndani ya nta ya moto mpaka mapovu yaishe, ndipo nimwage. Moto wa utambi mwembamba hauwezi kuila nta ya mshumaa mnene.

Tulikuwa vijana wanne pale kwake, na hakuuliza ni nani aliyeusuka ule utambi. Nilikuja kuona kwamba hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Mshumaa ukiharibika aliuliza ulimwagwa saa ngapi, nta ilikuwa na joto kiasi gani, uzi ulitoka wapi, sufuria ilipikiwa nini kabla ya hapo. Jina la mtu halikuwamo katika uchunguzi wake. Wakati ule niliona ni upole wa mzee tu, sikujua ni sehemu ya kazi.

Tuliporudi Burundi wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako. Mzee Bernardo na mkewe, Mama Anesia, walirudi mwaka ule ule na wakapata mahali si mbali na sisi. Mzee ndiye aliyemwambia padri wa wakati ule kwamba kuna mtu hapa Gatete anayejua kutengeneza mishumaa ya nta halisi, na kwamba parokia haina haja ya kuagiza ya dukani. Nilitundika mizinga yangu upande wa Kigwena, nje kidogo ya msitu, na ulipoanza kutembea vizuri ulikuwa unanifuata huko ukibeba kopo la moshi kwa mikono miwili.

Hukumbuki siku ya ubatizo wa mdogo wako, lakini mimi nakumbuka. Mshumaa wa ubatizo niliutengeneza mwenyewe, na kwa sababu ya kukumbuka ule uliozama nilisuka utambi mnene kama kamba ya mbuzi. Ukatoa moshi mweusi mpaka padri akakohoa katikati ya sala, na juu ya ncha yake pakaota kichwa cheusi kama uyoga. Mzee Bernardo alicheka mpaka akafuta machozi. Akaniambia nimekimbia kosa moja nikaenda kuishi katika lingine. Utambi mnene ukikutokea, ukate mara kwa mara, ubaki mfupi kama ukucha, nawe mara nyingine upunguze uzi.

Mshumaa unaotema cheche na kulia una maji ndani, au una takataka za masega zilizoziba utambi. Chuja mara mbili kwa kitambaa cha zamani, kisha iache nta ipoe polepole kwenye sufuria. Takataka zitashuka chini, nawe utazikwangua kwa kisu. Usiweke sufuria moja kwa moja juu ya moto, weka ndogo yenye nta ndani ya kubwa yenye maji. Nta ikiungua inakuwa ya kahawia na harufu yake haiponi. Ukiona tundu kuzunguka utambi baada ya nta kuganda, usishangae. Nta hujikunja inapopoa, kwa hiyo ubakize kidogo ya kujazia. Na ukungu mweupe unaotokea juu ya mshumaa uliokaa sana si ugonjwa. Watu wameshanirudishia mishumaa wakisema imeoza. Niliipangusa kwa kitambaa cha uvuguvugu mbele yao, wakaichukua tena.

Ila ugonjwa wa kupasuka hakuujua Mzee Bernardo wala mimi. Uliujua wewe. Ulikuwa na miaka tisa, na kwa wiki nzima nilikuwa natoa mishumaa yenye nyufa, nimebadilisha nta, nimebadilisha uzi, nimemlaumu hata yule aliyeniuzia sufuria. Ukaja ukasimama mlangoni hapa, ukaiangalia mishumaa, ukasema, "Papa, buji za karibu na mulango ndiyo zinapasuka. Za kwenye kona ziko sawa." Ilikuwa kweli. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia mlangoni na kuipoza upande mmoja kabla ya mwingine. Tangu siku ile nafunika kwa gunia. Nilimsimulia Mzee Bernardo, naye akasema nikuachie sufuria mapema, kwamba unaangalia kitu kabla ya kukisemea. Nilijivuna siku ile kana kwamba macho yale nilikupa mimi.

Sasa nakuja kwenye mshumaa wa Pasaka.

Unajua ule mshumaa mkubwa unaowashwa kanisani usiku wa kuamkia Pasaka, ambao hutunzwa mwaka mzima na kuwashwa kwenye ubatizo na pembeni ya jeneza. Kabla ya hapo ulikuwa unatoka Bujumbura. Mwaka ule padri aliniomba nitengeneze mimi. Ingetosha kuitika. Lakini mbele ya baraza la parokia nikasema nitautoa mshumaa wa nta tupu utakaofika kifuani mwa mtu mzima. Hakuna aliyeniomba kimo hicho. Nilikiona usoni mwa watu wakati nakisema, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, na baada ya hapo sikuweza tena kukipunguza.

Nilikwenda Kigwena nikavuna masega yote, bila kuwaachia nyuki chakula. Wiki iliyofuata mizinga miwili ilikuwa mitupu, nyuki wamehama. Nilipoyeyusha nta yote niliyokuwa nayo nikaona haifikii kimo nilichoahidi, imepungua karibu theluthi. Kutoka hapa hadi kwa padri ni mwendo wa robo saa. Ningekwenda nikasema, padri, utakuwa mfupi. Angecheka, tungekunywa chai, basi. Sikwenda.

Unajua kwamba kalibu zangu, yale mabomba ya plastiki niliyoyapasua na kuyafunga kwa mpira, huzipaka mawese kidogo kwa ndani ili mshumaa uteleze wakati wa kutoa. Mzee Bernardo ndiye aliyenifundisha, na alisisitiza: mawese yabaki kwenye kalibu, yasiingie kwenye nta. Siku ile nilikuwa nimeshika kitambaa chenye mawese, na nikaona mkono wangu umepata rangi nzuri ya dhahabu. Nta yangu ilikuwa ya masega mazee, imefifia. Nikajiambia mawese yataongeza wingi na rangi kwa pamoja. Nikajaribu kamshumaa kadogo kama kidole gumba, asubuhi kukiwa na baridi, kakawaka vizuri mpaka mwisho. Nikaridhika. Hapo ndipo nilipokuwa mjinga zaidi, maana mshumaa mdogo huisha kabla kasoro yake haijapata nafasi ya kuonekana.

Ulikuwa umekaa hapa hapa unakoroga kwa mwiko. Nikakutuma bombani kuleta maji. Uliporudi nilikuwa nimeshayamimina mawese ndani ya nta. Ukanusa, ukasema inanuka kama jikoni. Nikakuambia ni harufu ya masega ya zamani. Ukaniamini ukaendelea kukoroga.

Pasaka ilipita salama. Ilikuwa majira ya mvua, kulikuwa na ubaridi, na mshumaa uliwaka kwa muda mfupi tu. Watu walinishika mkono nje ya kanisa. Mzee Bernardo aliugusa kwa kidole, akakinusa kidole chake, akaniangalia kidogo. Mimi nikageuka nikasalimia watu wengine.

Alifariki mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, joto likiwa limeshika ziwa na nchi kavu. Misa ilikuwa saa nane mchana, bati la kanisa linalia, watu wamejaa mpaka nje. Mshumaa ukawekwa pembeni ya jeneza, upande wa kichwani. Wewe ulikuwa mlangoni na wasichana wa kucheza kwenye misa, mmevaa magauni meupe. Nilianza kuuona ukitoa jasho kabla ya mtu mwingine yeyote. Matone madogo mekundu yalitokea kwenye ubavu wake. Kisha ukaanza kuinama. Ulikuwa unainama polepole kumwelekea yeye, na mimi nimekaa safu ya tatu, sikuinuka. Moto ukazama kwenye mafuta, ukatoa moshi, ukazimika, na nta na mawese yakamwagika juu ya kitambaa cheupe cha jeneza. Mama Anesia alijaribu kufuta kwa kiganja. Doa likatanuka, rangi ya kutu.

Tulimzika nalo lile doa.

Baada ya maziko tulikaa na familia, kama desturi. Kabla msemaji wa familia hajasimama, mzee mmoja wa baraza aliniuliza, mbele ya wote, ule mshumaa ulikuwa na nini. Hakuuliza kwa hasira. Lilikuwa swali ambalo hata marehemu angeliuliza. Nikajibu kwamba siku ile sufuria nilimwachia mtoto, na mtoto hakuchuja vizuri.

Nilikuona. Ulikuwa umesimama na wenzako karibu na mlango, ukaangalia mikono yako, kwanza viganja, kisha upande wa pili.

Halafu msemaji akasimama, akauliza lile swali la kwetu linaloulizwa siku ya mazishi: kama kuna mtu mwenye neno lililobaki kati yake na marehemu, aliseme hapa, ili mwenzetu aende mwepesi. Watu wawili walisema yao. Mimi nilikuwa na mikono kati ya magoti. Msemaji akasubiri kidogo, akashukuru, akafunga.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Kina mama wa kikundi cha kucheza walisema upumzike kwa muda, na muda huo haukuisha. Jioni ya siku ile ulikuja ukasimama mbele yangu ukauliza, "Papa, ni miye niliiharibu?" Nikakujibu usiifikirie tena. Kwa miaka tisa nimejitetea kwa jibu hilo. Nimejiambia kwamba sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana, Dative, na ulikuwa mtoto, na ulikuwa unaomba neno moja tu. Naona aibu. Sijui neno jingine la kuweka hapa.

Mama yako, siku chache baadaye, alisimama na bidoni, lile dumu letu la mawese, mkononi akaniambia, "Mawese iko nusu, na mimi sikupika." Nikasema nimempa jirani. Akafunga kifuniko, akaiweka chini, hakuuliza tena. Usimlaumu. Yeye alishuku, mimi nilijua, na kati ya hizo mbili kuna umbali mkubwa. Nimemwambia Jumapili iliyopita. Alimenya mihogo mpaka beseni likajaa, kisha akaondoka na beseni lake. Mpaka leo ananijibu nikimwuliza kitu, lakini haniulizi mimi.

Unaweza kuniuliza kwa nini sasa. Nilikuwa nakuangalia ukikua. Unaonja chumvi mara tatu. Ukifunga mlango unarudi kuusukuma. Mwaka wa mtihani ulikuwa unanakili daftari upya kwa sababu ya neno moja lililofutwa. Watu walikusifu kwamba una uangalifu, na mimi nikaitikia sifa hizo, nikijua zilikotoka. Mwezi uliopita glasi ilivunjika chumbani mwa mdogo wako, nawe ulikuwa hapa nje unaanika nguo. Ukasema samahani. Hukujua hata ni nani aliyeivunja. Sikulala vizuri siku zile.

Na sasa unakwenda kusomea uuguzi. Nimefikiri sana juu ya hospitali. Ni mahali penye wagonjwa na haraka, vitu vitaharibika, na kila kinapoharibika kutakuwa na mkubwa mwenye jina la kulinda ambaye ataangaza macho kumtafuta mtu mdogo aliyesimama karibu na sufuria. Najua anavyoangalia, kwa sababu nimewahi kuangalia hivyo. Anachagua yule asiyeweza kujibu na anayempenda. Yule mtu akikuangalia, wewe uliza maswali ya Mzee Bernardo. Dawa ilitoka wapi, ilichanganywa saa ngapi, ulikuwa umetumwa wapi wakati huo. Ukiona kosa ni lako, liseme siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka, kwa sababu kesho yake linakuwa zito mara mbili na baada ya miaka tisa linakunyima hata ladha ya chakula. Lakini kisicho chako kikatae. Sikukufundisha kukataa. Nilikufundisha kinyume chake, na ulikuwa mwepesi wa kujifunza.

Jumatatu nilikwenda kwa Mama Anesia. Amezeeka, miguu inamsumbua, lakini macho yake bado ni makali. Alikuwa amekaa kizingitini anachagua maharage kwenye ungo. Nikamsalimia amahoro, nikakataa kiti, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Mkono wake haukusimama hata mara moja, uliendelea kutoa mawe na maharage mabovu. Nilipomaliza akaniuliza niliweka mawese kiasi gani. Nikasema theluthi.

"Bernardo angekuambia hata kijiko ilikuwa mingi," akasema.

Nikamwomba msamaha kwa ajili ya kile kitambaa. Akapeta ungo, akapuliza maganda, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Mimi umeshaniambia," akasema. "Mutoto umemuambia?"

Nikasema bado.

"Basi bado haujasema kitu, Baba Dative."

Akarudi kwenye maharage yake. Nikamshukuru, murakoze, nikaondoka. Njiani nilikuwa na hasira naye, nakuambia ukweli. Nilikuwa nimekwenda pale nikitegemea kurudi mwepesi. Nilipofika kwenye mashine ya kukamua mawese, pale wanapomwaga makapi, nikakaa chini kwa muda, mtu akaniuliza kama naumwa.

Nimekwenda pia kwa padri. Huyu wa sasa hajui lolote la zamani. Nimemwomba Jumapili hii, wakati wa matangazo, anipe dakika mbili. Nitasema kwa Kirundi, mbele ya wazee wale wale waliobaki na kina mama wale wale, kwamba mtoto hakukosea kuchuja, kwamba nta niliichanganya mwenyewe na mawese nikiwa na akili zangu, kwa sababu ya kimo nilichojisifia. Amekubali. Aliniuliza kama wewe utakuwepo, nikamjibu haraka kwamba utakuwa umeshakwenda Gitega, na nilipolisikia jibu langu nikatambua nilivyopanga mambo. Nilikuwa nimechagua Jumapili ambayo haupo. Barua hii nayo nilikusudia kuisokomeza katikati ya nguo zako uikute huko, ukiwa umezungukwa na wageni, usiwe na mtu wa kumfokea wala wa kumlilia, na mimi nipo hapa salama, nachuja nta. Naandika haya nikiwa nimeyaona hivi hivi.

Kwa hiyo nabadilisha. Ukitaka kuwepo Jumapili, gari la kesho liache liende, utapanda la Jumatatu, masomo yenu yanaanza Jumatano. Utakaa mahali popote unapotaka kanisani, si lazima karibu nami. Ukitaka kuondoka kesho, ondoka, nitakubebea mzigo mpaka barabarani kama utaniruhusu, na Jumapili nitasema vile vile usipokuwepo. Ukitaka kukaa mwaka mzima bila kunipigia simu, nitamwuliza mama yako kama u mzima, na hilo litanitosha. Msamaha usinipe leo. Wewe ni mwepesi mno wa kusamehe na wa kuomba msamaha, na nisingependa nipate hata huu kwa sababu ya tabia niliyokutia mimi mwenyewe.

Jua bado liko juu ya ziwa, sijaona mtu akiwasha taa. Nimesikia mama yako ameingia ndani, na wewe umebaki uani peke yako. Nitasimama sasa, nitakuja nikupe karatasi hizi mkononi, nitakaa chini mbele yako mpaka ufike mstari wa mwisho. Sitaondoka ukinyamaza, wala ukisema chochote. Na kabla hujaanza kusoma nitakuwa nimeshakujibu kwa mdomo lile swali uliloniuliza ukiwa na miaka kumi na mmoja, ila naliandika pia, ulibebe, likusaidie siku nitakapokuwa sipo kulirudia.

Hapana, Dative. Hukuiharibu wewe. Niliiharibu mimi.

Baba yako